Jua lapiga saa, mshahara wakatwa

Mwandishi wa gazeti akizaliwa katika ukoo mkubwa, basi amekwisha. Mjomba hutaka umwandikie barua kwa chifu. Shangazi hutaka uulize huko mjini kwa nini mfereji umekauka tangu Jumatatu. Vijana nao hutaka uwatafutie kazi, kana kwamba gazeti ni la babako. Kwa hiyo mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alipokuja nyumbani Msambweni Jumapili moja ya mwezi wa Machi na kuitupa hati yake ya mshahara juu ya mkeka, nilidhani ni yale yale.

"Dada, wewe uliyesoma, hebu nisomee hapa," akasema.

Nikasoma. Palikuwa na makato ya serikali, yale ambayo sote twayajua na kuyanung'unikia. Chini yake palikuwa na mstari mmoja ambao sikuwahi kuuona: makato ya kuondoka kazini kabla ya saa. Hazikuwa pesa za kumfilisi mtu, lakini ni pesa za unga na mafuta ya juma zima, na mdogo wangu ana watoto wawili na chumba cha kupanga pale Ukunda.

Yeye ni dobi katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Jina la hoteli nitalimeza, maana kazi bado anaitaka. Huingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi alasiri. Langoni pana mashine ya kuweka kidole, na mashine hiyo ndiyo inayoandika nani ameingia saa ngapi na nani ametoka saa ngapi. Aliniapia kwa marehemu bibi yetu kwamba hajatoka kabla ya saa kumi hata siku moja. Wao hukusanyika pale kwenye mashuka, huangalia simu zao, saa kumi ikitimia ndipo huondoka kwa pamoja kuelekea langoni.

"Na asubuhi je?" nikamuuliza. "Hujaandikiwa kuchelewa?"

Akacheka. "Asubuhi sina neno, dada. Hata tuktuk ikinichelewesha, nikifika mbio mbio na kuweka kidole nakuta bado saa moja haijafika. Mungu ni mwema."

Moyo ulinishtuka hapo. Mungu ni mwema, naam, lakini mashine inayompa mtu dakika asubuhi kisha ikampokonya jioni haina wema wowote. Ina kosa, na kosa lenyewe ni moja tu: saa yake inachelewa. Ukifika saa moja na dakika mbili, yenyewe inadhani bado saa moja kasoro, nawe unasalimika. Ukitoka saa kumi kamili, yenyewe inadhani bado kazi haijaisha, nawe unaandikwa mtoro. Asubuhi hakuna anayelalamika kwa kupendelewa, na kwa hiyo kosa likajificha.

Nikamwambia kesho yake aiweke simu kando ya kioo cha mashine na azilinganishe. Jumatatu jioni ukaniingilia ujumbe wa maneno matatu: "Dada, dakika saba."

Je, saa ya umeme yawezaje kuchelewa dakika saba? Mtu husema saa za siku hizi hazikosei. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokwenda kuketi kwa fundi mmoja pale Ukunda, mzee wa makamo anayetengeneza saa na simu katika kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Alinipa kigoda, akaagiza kahawa chungu, akachukua saa mbovu ya ukutani na kuifungua.

"Tazama uso wake," akasema. "Waona herufi ndogo hizi?"

Ziliandikwa Quartz. Nimeziona maisha yangu yote kwenye saa za mkononi na za ukutani, nikidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni jina la jiwe, jiwe lile lile linalometameta ndani ya chembe za mchanga. Tuliite kwazi. Fundi akachokoa kwa koleo na kunitolea kichupa cha bati chembamba mno, mfano wa punje ya mchele. Ndani yake, akanieleza, mna kipande cha kwazi kilichochongwa kama uma wenye meno mawili.

Kwazi ina tabia moja ya ajabu. Ukiibana hutoa umeme kidogo, na ukiipa umeme hujikunja. Kwa hiyo saa huipa umeme wa betri, na meno yale mawili hutetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde moja. Hesabu hiyo haikutolewa hewani. Igawe kwa mbili mara kumi na tano utabaki na moja, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa vyombo vya elektroniki. Hiyo moja inayobaki ndiyo sekunde yako.

Saa ya kwanza ya namna hiyo iliundwa Marekani mwaka 1927 katika maabara ya Bell, na ilikuwa dude la kujaza kabati. Ya kwanza ya mkononi kuuzwa madukani ilikuwa Seiko Astron ya Japani, iliyotoka siku ya Krismasi mwaka 1969. Leo kwazi imo ndani ya saa ya ukutani, ya gari, ya kompyuta, na ya mashine ya langoni.

Sasa tuje kwenye mwizi wetu. Huo uma wa kwazi hauna mwendo mmoja katika kila joto. Hutetemeka upesi zaidi kukiwa na joto la digrii 25 hivi za Selsiasi. Hicho ndicho kilele cha kilima, na ndicho mafundi wa kiwandani walichokichagua kwa sababu kinafanana na joto la nyumbani na halipishani sana na la mkono wa mtu. Ukiondoka pale kileleni unateremka, uende kwenye joto au uende kwenye baridi. Kwa hiyo saa ya kwazi huchelewa kwenye joto, na huchelewa vile vile kwenye baridi. Na mteremko wenyewe si sawasawa: ukienda mbali mara mbili, kosa huzidi mara nne.

Hesabu yake si ngumu. Chukua digrii ulizoondoka kwenye 25, zizidishe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 0.034. Jibu ni sekunde zinazopotea katika kila sekunde milioni, na sekunde milioni ni siku kumi na moja na nusu hivi. Sebuleni Diani siku ya joto ya Machi, digrii 32: saba mara saba ni 49, mara 0.034 ni 1.7 hivi. Kwa mwezi mzima hazifiki sekunde tano. Na mwenzetu wa Nairobi mwenye sebule ya digrii 18? Naye ameondoka digrii saba, upande wa pili wa kilima, na anapoteza vile vile! Nilipoiona hesabu hiyo nilicheka peke yangu, maana sisi wa pwani tumezoea kuambiwa kwamba joto letu huharibu kila kitu. Kwa saa iliyo kivulini, pwani haina ubaya wowote. Usiku wa Agosti, upepo wa kusi ukivuma, nyumba zetu hukaa karibu kabisa na kilele chenyewe.

Basi kosa si la pwani. Kosa ni la mahali saa ilipowekwa. Wanaoijua Diani wanajua kwamba barabara inafuata ufuo, na hoteli ziko upande wa bahari, mashariki. Lango la hoteli kwa hiyo hutazama barabarani, yaani magharibi. Mashine ya mdogo wangu imepigiliwa kwenye nguzo ya lango ndani ya kisanduku cheusi, juu yake kipande cha bati cha kuzuia mvua. Mvua inazuiwa kweli. Lakini jua la saa saba mchana mpaka magharibi laingia kwa mbele bila hodi. Aliyewahi kugusa usukani wa gari lililoachwa juani atanielewa.

Tuseme kisanduku hicho kinafika digrii 55 kwa saa sita za mchana, na saa nyingine zote ni digrii 30. Digrii 55 ni mbali na kilele kwa digrii 30, na 30 mara 30 ni 900. Zidisha kwa 0.034, wapata kama sekunde 31 katika kila milioni. Ukichanganya mchana wake na usiku wake, saa hiyo hupoteza karibu robo tatu ya sekunde kwa siku. Nani ataona robo tatu ya sekunde? Hakuna. Lakini kwa mwaka ni zaidi ya dakika nne, na mashine ile imekaa pale mwaka mmoja na nusu na ushei bila mtu kuigusa saa yake. Hizo ndizo dakika saba zetu.

Lakini sitaapa kwamba jua peke yake ndilo lililozila. Uma wa kwazi wa bei ya kawaida hutoka kiwandani na kosa lake la kuzaliwa, ambalo huruhusiwa kufika sekunde 20 katika kila milioni, mbele au nyuma. Hiyo peke yake yaweza kuwa dakika kumi kwa mwaka. Huenda jua na kiwanda vilisaidiana, huenda vilipingana kidogo. Ila kosa la kiwanda ni moja kila siku na fundi mwenye subira anaweza kulipima akalirekebisha mara moja tu. Kosa la jua hubadilika mchana na usiku, masika na kiangazi, na haliwezi kurekebishwa na mtu aliyeketi ofisini.

Na kwa nini makato yalianza Machi na si mwaka jana? Hapo nilimsumbua mdogo wangu mpaka akauliza. Kumbe mashine ilikuwa imewekewa msamaha wa dakika tano. Mradi saa ilikuwa imechelewa dakika tatu au nne, hakuna aliyeguswa. Ilipovuka tano, idara nzima ya dobi ikawa watoro kwa pamoja, na karani wa mishahara hakujiuliza imekuwaje watu wazima wote wameharibika tabia mwezi mmoja.

Dawa ya ugonjwa huu ipo, na imo ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nilipomuuliza fundi, alivuta mtoto wa meza na kutoa kipande cheusi chenye miguu kumi na sita kama tandu. "Hii hujipima homa yenyewe," akasema.

Hebu tuielewe polepole, maana hapa ndipo palipo na utamu. Chipu yoyote imejaa transista, vijimlango vidogo vya umeme. Ili kijimlango kifunguke chahitaji msukumo wa umeme, na msukumo huo hupungua kwa milivolti mbili hivi kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka. Kwa miaka mingi wahandisi waliiona tabia hiyo kuwa kero, kwa sababu iliharibu redio na mitambo yao siku za joto. Baadaye wakaigeuza kuwa kipimajoto. Waliweka transista mbili pamoja, wakapitisha umeme mwingi katika moja na kidogo katika nyingine, wakaona tofauti ya misukumo yao inapanda sawasawa na joto. Pima tofauti hiyo, igeuze iwe nambari, na chipu inajua ina digrii ngapi. Hakuna zebaki wala kioo.

Kisha? Chipu inazijua digrii, na kilima cha kwazi imekwisha kufundishwa kiwandani. Kwa hiyo inajua kwazi inachelewa kiasi gani kwa wakati huo. Kazi iliyobaki ni kuisaidia. Kando ya kwazi huwekwa kapasita ndogo ndogo, nazo kwa kwazi ni kama mzigo: zikizidi inakwenda polepole, zikipungua inachangamka. Joto likipanda, chipu huzichomoa moja moja, kama unavyompunguzia mchukuzi gunia anapopanda mlima. Joto likirudi digrii 25, inamrudishia mzigo wake. Chipu nyingine hazigusi mzigo. Huiacha kwazi ikosee, kisha huongeza mapigo yaliyopungua, na hesabu huishia pale pale.

Ile ya fundi huitwa DS3231. Hupima joto lake kila baada ya sekunde 64, mchana na usiku. Watengenezaji wake wanaahidi kwamba kati ya digrii sifuri na 40 haikosei zaidi ya sekunde mbili katika kila milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka mzima. Hata ikifikishwa digrii 85, joto ambalo hata lango la Diani halilijui, kosa halizidi sekunde tatu na nusu katika milioni, na hizo hazifiki dakika mbili kwa mwaka. Kama chipu hiyo ingekuwa ndani ya mashine ya mdogo wangu, ingekuwa bado haijaumaliza hata msamaha wa dakika tano.

Jambo jingine alilonionyesha fundi ni kwamba katika kipande hicho kwazi na kihisi joto wamefungiwa nyumba moja. Hilo ni la maana. Kihisi kikiwa kwenye chipu na kwazi iko mbali upande wa pili wa ubao, chipu hupima joto lake yenyewe, si la kwazi. Ni sawa na mtoto anaungua homa chumbani, nawe wampima mama yake aliye jikoni. Na kadiri unavyokwenda mbali na kilele ndivyo kipimo kinavyotakiwa kuwa sahihi. Kwenye digrii 25, kihisi kikidanganya digrii moja au mbili si neno. Kwenye digrii 55, kosa la digrii moja tu ni sekunde mbili katika kila milioni.

Wazo lenyewe, msomaji, si la jana. Katika karne ya 18 seremala mmoja wa Uingereza aitwaye John Harrison alihangaika karibu maisha yake yote na jambo hilo hilo. Mabaharia wakati ule walipata taabu kubwa kujua wamekwenda umbali gani mashariki au magharibi, na njia moja ya kujua ilikuwa kuwa na saa ya kweli chomboni. Huku kwetu karibu na ikweta, saa ikikosea dakika moja tu, nahodha hukosea mahali alipo kwa maili 15 za baharini, kilomita 28 hivi, ambao ni karibu mwendo wa kutoka Ukunda hadi Msambweni. Mawe ya Shimoni na Wasini hayamsamehi mtu kwa kosa kama hilo. Harrison aliunganisha ukanda wa shaba na ukanda wa chuma cha pua. Joto hutanua shaba zaidi, ukanda ukajipinda, na kujipinda huko kukairekebisha saa bila mkono wa mtu. Saa yake ya nne ilisafirishwa na mwanawe kwenda Jamaica mwishoni mwa mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde tano tu. Ukanda ule ndiye babu wa transista zetu mbili.

Huenda ukasema: mbona simu yangu haikosei na huitwa kila siku juani? Simu nayo ina kwazi, nayo hupotoka, lakini husahihishwa na mtandao kila mara, na mtandao husahihishwa na saa za atomiki zilizo ndani ya setilaiti. Ukiizima simu na kuitoa laini kwa miezi kadhaa utaiona tabia yake halisi. Mashine ya langoni ya mdogo wangu haina intaneti. Karani huja na flashi kila mwisho wa mwezi kutoa kumbukumbu zake. Stima ikipotea, betri ndogo ya duara iliyo ndani huiendesha saa. Iko peke yake, na kwazi yake, na jua.

Kuna mahali pengine ambapo dakika hizi zina uzito, na wasomaji wangu Waislamu watanielewa upesi. Misikiti yetu mingi kutoka Tiwi hadi Vanga ina ile mbao ya nambari nyekundu inayoonyesha nyakati za swala. Ratiba ya nyakati imo ndani, na ni sahihi, lakini ratiba sahihi juu ya saa inayochelewa haisaidii kitu. Mwezi wa Ramadhani, jioni, saa ikichelewa dakika nne mtu atachelewa kufuturu, atavumilia na tende yake mkononi. Alfajiri ndipo pana hatari: anaendelea kula daku akidhani bado, kumbe wakati umeingia. Mwadhini mmoja jirani yetu huilinganisha mbao hiyo na simu kila mwezi mwandamo, na nilipomwuliza kama imewahi kukosea akanijibu, "Mwanangu, ilikosea mara moja, ndiyo maana."

Nyumbani mwako je? Usiitundike saa juu ya jiko, wala kwenye ukuta wa magharibi chini ya bati lisilo na dari, wala mahali jua la dirishani linapoifikia. Ukitaka kuona kwa macho yako, nunua saa mbili za aina moja. Ziweke zote sebuleni kwa mwezi mmoja na uandike kila moja imekosea sekunde ngapi, ili ujue kosa lake la kuzaliwa. Mwezi wa pili iache moja sebuleni, ya pili ipeleke ukuta wa nje upande wa jua. Watoto wa shule watalipenda zoezi hilo kuliko kuketi mbele ya televisheni, na hesabu ya kuzidisha nambari kwa yenyewe hawataisahau tena.

Wewe unayeweka kidole langoni, linganisha mashine na simu yako mara moja kwa mwezi, na uandike tarehe. Usingoje makato. Mimi si wakili, lakini niliisoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 kinapozungumzia kumkata mtu kwa kutokuwepo kazini bila ruhusa, kinataja siku nzima, na kwamba makato yasizidi mshahara wa siku hiyo. Habari za dakika saba sikuziona humo. Wenye hoteli nao wasinune. Mtu anayenunua mashine ya kuwahesabia wenzake dakika ana haki ya kumuuliza muuzaji swali moja: saa yake inajipima joto au haijipimi? Muuzaji akikutazama kama bubu, basi umejua.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alimwendea mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, na siku ya pili watu watano walisimama langoni na simu tano, zote zikisema jambo moja na mashine ikisema lake. Meneja aliitwa, akatazama, akatazama tena saa ya mkononi mwake. Ukweli ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amefikiri tu. Mashine ikarekebishwa siku ile ile, na baada ya juma moja ikahamishwa kutoka kwenye nguzo ikapelekwa ndani, kwenye ujia wa kivuli karibu na stoo ya mashuka. Kuhusu pesa zilizokwisha kukatwa waliambiwa jambo linaangaliwa. Mpaka ninapoandika haya bado linaangaliwa, na mwakilishi wao bado anauliza kila Ijumaa.

Jumapili iliyopita alikuja tena Msambweni, safari hii na papa mkavu wa kumpelekea mama. Nilitarajia shukrani. Akavua viatu, akaketi mkekani, akanitazama kwa jicho la lawama.

"Dada, umeniponza," akasema. "Sasa asubuhi lazima nikimbie."